Rupia za Burma Katika Mkebe wa Maswa

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Huko Maswa, mkoani Simiyu, yupo mwalimu mstaafu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akikusanya akiba zilizooza. Ni noti za fedha walizorudi nazo askari waliopelekwa ng'ambo wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Fedha zilizokuwa na nguvu kule walikopelekwa tu, na ambazo zilipovuka bahari kurudi nyumbani ziligeuka kuwa karatasi. Huziweka katika mkebe wa biskuti, juu ya kabati, mbali na mchwa na moshi wa jikoni. Nyumba yake ipo Nyalikungu, mji mkuu wa wilaya, na ukitoka nje ya mji huo ni mbuga za udongo mweusi, pamba, na ng'ombe wanaorudi jioni katika vumbi. Bahari ipo mbali mno na mahali hapo. Hata hivyo, kila noti iliyomo mkebeni imevuka bahari mara moja, na baadhi yake mara mbili.

Noti zenyewe ni arobaini na moja. Baadhi zina sura ya Mfalme George wa Sita, na zilichapwa kwa matumizi ya Bara Hindi, kisha zikagongwa maandishi ya juu yanayosema kuwa ni za Utawala wa Kijeshi wa Burma. Nyingine zina picha ya simba aliyesimama juu ya taji. Hizi zilitolewa na Mamlaka ya Kijeshi ya Uingereza mwaka wa 1943, nazo zilitumika katika nchi kama Eritrea na Libya walikopita askari na vibarua wa kijeshi wa Afrika Mashariki. Nyingine, na ndizo nyingi, ni rupia za Serikali ya Kijapani, zilizotengenezwa kwa ajili ya Burma ilipokuwa mikononi mwa Wajapani. Mwalimu huzitambua hata kwa mbali: herufi ya kwanza ya alama zao ni B, kwa jina la Burma.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jeshi lijichapie fedha za peke yake, ilhali fedha zipo. Jeshi linapoingia katika nchi ya watu huingia na mishahara ya maelfu ya vijana. Mishahara hiyo ikimwagwa sokoni bila ya kipimo huipandisha bei ya chumvi na ya kuku, na walanguzi huinunua fedha ya kigeni na kuitorosha. Tena, lau adui akiiteka hazina ya jeshi, fedha ile yaweza kumfaa. Kwa ajili hiyo hutolewa fedha yenye mpaka. Wamarekani walizitoa hati za namna hiyo kwa askari wao tangu mwaka wa 1946 hadi 1973, na kila walipoona zimevuja mno mikononi mwa walanguzi, waliifunga kambi kwa siku moja na kuzibadilisha zote kwa hati za sura mpya. Aliyekuwa nje ya lango siku ile, na hati za zamani mkononi, aliachwa nazo. Waingereza nao, kuanzia mwaka huo huo wa 1946, walikuwa na hati zilizopokelewa katika maduka na mabwalo ya jeshi tu.

Fedha ya askari, basi, hufungiwa mlango makusudi. Hapo ndipo ilipo thamani yake kwa wakusanyaji wa leo, na hapo ndipo lilipo jeraha lake kwa aliyeipokea.

Baba yake Mwalimu aliingia Keya mwaka wa 1942. Keya ndilo jina walilolipa watu wa huku jeshi la King's African Rifles. Yeye na wenzake walipanda treni Malampaka, kituo kilichomo ndani ya wilaya hiyo ya Maswa kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, kituo ambacho wakulima walikijua kwa marobota ya pamba. Walikwenda Ceylon, wakafundishwa vita vya msituni, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, iliingia Burma. Iliteremka bonde la Kabaw katika mvua na matope na malaria, na mwezi wa Disemba mwaka huo ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Batalioni za 26 na 36 za Keya, zilizoundwa kwa vijana wa Tanganyika, zilikuwa miongoni mwao.

Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani na kuzama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mtu wa pwani anayeijua bahari hahitaji kuelezwa zaidi. Mtu wa Maswa, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya ziwa la Mwanza, aliyapata maelezo hayo kwa wale waliosafiri katika meli nyingine na kurudi.

Baba alirudi mwaka wa 1946 akiwa na koti la jeshi, blanketi, na noti tatu za rupia kumi kumi. Alizihifadhi katika sanduku la bati pamoja na stakabadhi za pamba. Hakuwa na haja nazo miaka ya neema. Mwaka wa 1974 mvua zilikosekana, na watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vipya. Nyumba zilibomolewa na maghala yalikuwa matupu. Ndipo alipozitoa, akazikunja ndani ya leso, akaenda mjini na kusimama mbele ya dirisha la benki. Karani alizigeuza mara mbili, akamwita mwenziwe, wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa vijana waliozaliwa katika fedha nyingine. Mzee alizirudisha noti zake lesoni, akatembea hadi nyumbani, wala hakulitaja jambo hilo kwa miaka kumi na tatu, hadi siku ile alipokuwa mgonjwa wa kufa, alipomwambia mwanawe: "Kaulize tena. Labda wale walikuwa watoto."

Mwalimu aliuliza. Aliwaandikia watu waliozijua noti za kale, akanunua kitabu kimoja cha orodha kilichochakaa, na katika kitabu hicho akaiona noti ya baba yake, imechorwa vilevile na hekalu lake. Ilikuwa ya Kijapani. Waingereza waliporudi Burma hawakuitambua fedha hiyo, na siku ile ile ikawa si kitu. Iliokotwa na askari katika mahandaki na vibanda vilivyoachwa, kama mtu aokotavyo kombe pwani. Haikuwa hata mshahara. Mzee alikuwa ameiweka ahadi ambayo hakuahidiwa yeye. Mtu mwingine angaliufunga mkebe siku ile. Mwalimu yeye alianza kuwauliza wengine: nyumbani kwenu kulikuwa na mtu wa Keya? Aliacha nini?

Hivyo ndivyo alivyokusanya. Alizunguka kwa baiskeli Maswa, Bariadi, Meatu na Kwimba, nyakati za likizo, huko nyuma ambapo zote hizo isipokuwa Kwimba zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka wa 2012. Wakusanyaji wa Ulaya hupenda noti isiyokunjwa, yenye pembe kali kama imetoka mtamboni jana. Zake zimekunjwa mara nne, zimelowa jasho, nyingine zimeliwa na mende. Kila moja ina kipande cha karatasi chenye majibu ya maswali matatu: ilikuwa ya nani, alipita wapi, na kwa nini haikubadilishwa. Majibu ya swali la tatu hutofautiana. Mmoja aliiweka iwe ukumbusho. Mmoja aliishinda katika karata usiku wa kuamkia safari, na asubuhi hapakuwa na wakati. Wengi hawakujua kuwa ilipaswa kubadilishwa. Juu ya noti palikuwa pameandikwa kuwa ni fedha halali Burma tu. Lakini pameandikwa kwa Kiingereza, na mwenye mshahara hakusoma Kiingereza.

Lugha waliyoipata kule ilikuwa Kiswahili. Msukuma, Mhehe, Mnyamwezi na Mganda walisemezana katika mahandaki kwa Kiswahili cha Keya, kibovu pengine kwa sikio la Unguja na Lamu, lakini kilipita. Katika vyote walivyorudi navyo, hicho kilikuwa na nguvu Kalewa, kikawa na nguvu Mombasa, na kikawa na nguvu Malampaka. Hakikuhitaji dirisha la kubadilishia.

Tena si ajabu kwa fedha kufa na jina lake likabaki. Tunaposema hela, tunaitaja sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutolewa mwaka wa 1904, ambayo hakuna anayeitumia. Tunaposema pesa, tunalitumia neno lililokuja na sarafu ya Kihindi. Unguja nayo ilikuwa na rupia zake, noti zilizotolewa na serikali ya Zanzibar tangu 1908, hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipozishika nafasi mwaka wa 1936, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Lakini mwenye rupia ya Unguja alipewa taarifa kwa lugha yake, na dirisha lilikuwa katika mji wake. Askari wa Burma dirisha lake lilibaki ng'ambo.

Vita vya kwanza navyo viliacha deni la namna hiyo. Wajerumani walipozingirwa, na meli za kuleta fedha zimezuiwa, walichapa noti za muda hapa hapa nchini tangu 1915, na mwaka wa 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, wakatengeneza sarafu za shaba na zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Noti hizo za muda ndizo zilizolipa askari na wachukuzi. Serikali iliyozitoa ilishindwa na kuondoka. Inasimuliwa kuwa mwaka wa 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wale waliokuwa hai mishahara yao iliyobaki, na kwamba Mwanza walikusanyika wazee wapatao mia tatu na hamsini. Wachache mno walikuwa na hati. Basi kila mmoja akapewa fagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride. Na hakuna aliyekosea. Mwalimu huipenda hadithi hiyo, kisha hukaa kimya, kwani waliokwenda Burma hawakuitwa na mtu kwenye fagio.

Tena palikuwa na jambo jingine. Mwaka wa 2019 ziliandikwa magazetini habari za nyaraka za zamani za Uingereza, zilizoonyesha kuwa bahshishi ya mwisho wa vita ya askari Mwafrika ilipungua hadi thuluthi moja ya ile ya mzungu wa cheo kile kile aliyetumikia majeshi hayo hayo ya makoloni. Washairi hawakuvinyamazia vita vile. Shaaban Robert alivitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Lakini hesabu ya mishahara haikuwa na mtunzi, na ilikaa katika majalada miaka zaidi ya sabini.

Ilikuwa katika mwaka huo huo wa 2019, baada ya mavuno ya pamba, bibi mmoja alipoletwa Nyalikungu na mjukuu wake juu ya pikipiki, kutoka kijiji cha upande wa Malampaka. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, akapewa kiti na maji. Alikuwa mke wa mwisho wa mtu wa Keya aliyefariki zamani. Mume wake alikuwa katika Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, iliyobaki vitani ikafika mto Irrawaddy mapema mwaka wa 1945. Akafungua kitambaa, zikatoka noti mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijapani. Ya pili ilikuwa rupia kumi za Mfalme George zenye maandishi ya Utawala wa Kijeshi wa Burma. Katika mkebe wa Mwalimu zilikuwamo za rupia moja na za rupia tano. Ya rupia kumi hakuwahi kuipata, na katika albamu nafasi yake ilikuwa wazi tangu alipoinunua albamu hiyo.

Kijana alizungumza kwanza. Bariadi alikutana na mtu aliyemwambia kuwa rupia za zamani zinanunuliwa kwa mamilioni. Maneno hayo yamezagaa katika nchi yetu, na wengi wameuza ng'ombe ili kumlipa dalali wa kumtafuta mnunuzi asiyekuwapo. Kijana alitaka ada ya chuo cha ufundi. Macho yake hayakuiacha meza.

Ni hapo ambapo mkusanyaji hupimwa. Lau Mwalimu angalisema zote mbili ni takataka, angalizipata kwa bei ya sukari na majani ya chai. Lau angaliwaacha na ndoto ya mamilioni, kijana angaliingia mikononi mwa walaghai. Aliwaeleza vile ilivyo. Hii ya Kijapani ilichapwa kwa wingi mno, na ulimwengu mzima umejaa wenziwe. Bei yake haizidi ya soda chache. Hii nyingine ina wanaoitafuta, nao watalipa, lakini si mamilioni; itasaidia ada, haitaimaliza. Akataja kiasi ambacho yeye mwenyewe angeweza kutoa, na akasema kuwa wapo Dar es Salaam ambao pengine wangeongeza, naye yupo tayari kuwaandikia kwa niaba yao bila ya kuchukua chochote.

Bibi aliisikiliza hesabu yote, kisha akauliza: "Mwalimu, hii ni mshahara wake, ama ni picha tu?"

"Ni mshahara, mayu. Hii ya mfalme ni mshahara. Siku ile ilikuwa sawa na shilingi kumi na tano."

"Basi kwa nini haikununua kitu?"

"Mpaka wake ulikuwa Burma. Imeandikwa hapa."

"Yeye alijua imeandikwa?"

Mwalimu hakuwa na jibu la kusema alijua. Alisema: "Wengi hawakujua."

Bibi aliikunja noti ile kwa mikunjo yake ya zamani. Akaisukuma ya Kijapani upande wa Mwalimu. "Hii ya adui ichukue, nipe hizo soda. Hii nyingine alifanyia kazi."

"Bibi," kijana akasema, "karatasi haitanisomesha."

"Nimesikia. Itakuwa yako. Lakini sikupi kitu usichokijua. Mwambie Mwalimu akuandikie mahali pote alipopita babu yako. Siku utakayonitajia bila ya kusoma, nitakupa, uuze au uweke, shauri lako."

Kijana alimtazama Mwalimu kama atazamavyo mtu anayetaka kutetewa. Mwalimu alitoa karatasi, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: Malampaka, Tabora, Dar es Salaam, Mombasa, Colombo, Imphal, Kalewa, Irrawaddy. Akalipa soda. Walipoondoka, aliifungua albamu, na katika ile nafasi iliyokuwa wazi akaingiza kipande chake cha karatasi chenye majibu ya maswali matatu, bila ya noti.

Zilipita wiki tano. Kijana akarudi peke yake, hakuwa na kitambaa wala noti. Akayataja majina yote manane, akiwa amesimama mlangoni, kwa haraka, kama mwanafunzi aogopaye kusahau. Mwalimu akamuuliza kama amekwisha kumtajia bibi yake. Akasema bado, atamtajia pamba ya mwakani ikianza kuchumwa, kwa sababu kwanza ana jambo analotaka kulijua, nalo halimo katika karatasi: huko Irrawaddy babu yake alikuwa akilipwa na nani, kwa mkono gani, na je, alitia sahihi au alitia dole gumba?

Mwalimu hakuwahi kuulizwa hilo, wala hakuwa amelifanya kuwa swali la nne. Alimkaribisha ndani, akauteremsha mkebe kutoka juu ya kabati, na wakaanza kuzipanga noti mezani, moja baada ya moja.